Saa Nane Asubuhi

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Macho nimeyazoea katika mashairi ya mapenzi kuliko katika zahanati. Hata hivyo, bibi yangu wa Msambweni alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, aila nzima iliniteua mimi, "mwenye Kiswahili kingi", niitafsiri karatasi ya maelezo aliyopewa kwa Kiingereza. Majirani nao waliomba nakala za Kidigo.

Niliipa tarakilishi kazi hiyo, kwa programu ya akili unde. Kufumba na kufumbua, Kiswahili fasaha kikajaa kiooni. Sina budi kukiri kwamba nilifurahi. Huku kwetu upasuaji huu si jambo geni, maana Kituo cha Macho cha Kwale kimekuwepo tangu mwaka 1993, lakini mzee akisikia kwamba mtoto wa jicho "anatolewa", bado hudhani jicho lenyewe linang'olewa. Mashine ilifafanua vyema kwamba kinachoondolewa ni lenzi iliyoingia ukungu, na kwamba huwekwa nyingine ya kutengenezwa mahali pake. Nilikagua ngeli na viambishi mara tatu, nisione kosa. Nikaituma Msambweni.

Kidigo chake, kwa upande mwingine, kilikuwa kichekesho. Hata dzitso, neno ambalo mtoto yeyote wa Kidigo analijua, liliandikwa "jicho". Karatasi hiyo niliitupa papo hapo, na kwa hivyo haikumdhuru mtu.

Siku ya nne binamu yangu alinipigia simu. "Ndugu yangu, hii saa nane asubuhi ndiyo saa gani? Sisi twamwamsha bibi usiku wa manane, na jicho limekuwa jekundu."

Nilifungua nakala yangu, nikaishiwa nguvu. Dawa ilipaswa kutiwa mara nne: saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi alasiri na saa mbili usiku. Mashine ilikuwa imechukua tarakimu za Kiingereza jinsi zilivyo: saa 8 asubuhi, saa 12 mchana, saa 4 alasiri, saa 8 usiku. Jamaa zangu walijitahidi kupata maana pasipo na maana. Saa nane mbili wakazifanya moja, ya usiku. Saa nne ikawa ya asubuhi na saa kumi na mbili ikawa ya jioni. Dawa ya mara nne ikatiwa mara tatu. Nami, mzawa wa pwani hii, nilizipita saa hizo mara tatu kwa sababu sentensi zilikuwa tamu.

Nilisafiri usiku huo. Daktari alilichunguza jicho, akatuambia halijaharibika.

Karatasi ya pili tuliiandika barazani, bibi akiwa msomewa na msahihishaji. Saa alizikataa zote. Alitaka Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri na Isha, na muuguzi akaridhia. Tulipofika penye onyo la kutoinama, alinikatiza.

"Na kusujudu je, mjukuu wangu?"

Hilo halikuwemo katika karatasi yoyote. Muuguzi alisema asali ameketi kitini mpaka atakaporuhusiwa. Nikauongeza mstari huo, kwa Kiswahili, na binamu yangu akauandika kwa Kidigo.