Wageni wa Jioni

Zamani zile Ekerenyo, mzee akiona wasichokiona wenzake hakuitwa mgonjwa, wala hakuna aliyemwogopa. Nyanya yetu, macho yake yalipoanza kufunikwa na utando mweupe, alikuwa akitembelewa na watoto jioni. Walikuwa wadogo, wamevaa nguo za rangi kali, wamejipanga ukutani jikoni, hawasemi neno. "Wamekuja tena," alikuwa akisema huku akigeuza viazi mekoni. Mama aliuliza tu leo wako wangapi. Wazee wa boma walisema ni chisokoro, waliotangulia, wamepita kumjulia hali. Basi, yakaishia hapo, ugali ukaliwa.

Niliposoma habari za Charles Bonnet wa Geneva nilicheka peke yangu. Mwaka 1760 aliandika kuhusu babu yake, Charles Lullin, mzee mwenye mtoto wa jicho aliyekuwa akiona wanaume, wanawake, ndege na majengo, ilhali akili yake ni timamu na mwenyewe anajua hawapo. Madaktari wanaeleza hivi: ubongo uliozoea kupokea picha kutoka machoni, ukinyimwa, hujitungia zake. Wengi wenye hali hiyo huona watu wadogo waliovalia mavazi ya ajabu, kimya kabisa. Ni walewale wa jikoni kwetu.

Mfaransa Esquirol ndiye aliyeweka maana ya maono ya namna hii mwaka 1817: kuona au kusikia kitu kisichokuwepo, kwa uhakika uleule wa kitu kilichopo. Sisi tunayaita maruerue. Huletwa na mengi: homa kali ya malaria, maambukizi ya mkojo, kukaukiwa na maji mwilini, dawa, pombe, maradhi ya akili, au ubongo kuchakaa kwa uzee.

Laiti maarifa hayo yangetufikia mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gusii kwetu iliingiwa na hofu ya abarogi, yaani wachawi, na makumi ya watu, wengi wao wazee, wakachomwa moto. Mei 2008 wakauawa 11 huko Kisii kwa siku moja, wanawake 8 na wanaume 3. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee wakauawa Marani. Siwezi kusema hao walikuwa na maradhi gani, au kama walikuwa nayo. Ninalojua ni kwamba dalili za uzee uliochanganyikiwa zimekuwa ushahidi machoni pa umati: bibi anayezungumza peke yake, aliyekutwa usiku nje ya boma la watu, asiyeweza kueleza amefikaje hapo.

Kwa hiyo mambo yamepinduka. Hospitali iko papa hapa Ekerenyo, wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Lakini wazee wamefunga midomo. Kuna jirani yetu, ajuza anayepapasa ukuta akitembea. Ukimwuliza macho yanaendeleaje, anajibu upesi, "Sioni mtu yeyote mimi." Hakuna aliyemwuliza habari ya watu.

Hata Ulaya wagonjwa wa namna hii huficha, wakihofia kuitwa wendawazimu. Huku kwetu anayeficha anahofia paa lake kutiwa moto. Daktari naye hawezi kutibu asichoambiwa.

Mzee wenu akianza kutaja watu msiowaona, msimkemee na msimbishie. Mwulizeni kwa sauti ya kawaida anaona nini na tangu lini. Kama mambo yameanza ghafla, mpelekeni siku hiyohiyo akapimwe malaria na mkojo; kama yamekuja polepole, macho yachunguzwe na dawa anazokunywa zikaguliwe. Na inaniuma kuongeza hili, ambalo mama hakuwa na haja ya kulifikiria: atakayowaambia, mwambieni daktari, na kwa majirani yasifike.