Si Kila Mti ni Kuni

Wasee, kabla hamjaenda ocha Disemba hii, wacha niwaambie vile karibu nipoteze jicho kwa sababu ya kuni za bure.

Mwaka jana niliacha kampasi nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikwama, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kujifanya naelewa. Nikarudi kwa kukhu hapa Mabanga, kwa hii barabara ya Bungoma kwenda Webuye, na begi moja na kichwa kikubwa.

Siku ya tatu gesi ikaisha. Kukhu akaniambia, "Papa, nenda utafute kuni." Nikacheka kimoyomoyo. Kuni si ni kuinama na kuokota tu?

Kumbe kuna jirani alikuwa amepunguza ua wake. Vijiti vya kijani vimelala kando ya njia, vyembamba kama penseli, havina hata majani. Sikuuliza mtu. Nikabeba mzigo mzima, nikaanza kuvunjavunja. Maziwa meupe yakanirukia mikononi. Jasho likashuka, nikajipangusa uso.

Maze, niliona moto. Jicho la kulia lilifunga, nikapiga nduru kama mtoto. Kukhu alinilaza chali, akanimwagia maji safi, jagi baada ya jagi, kisha tukapanda boda hadi zahanati. Siku mbili nilikaa gizani nikijiuliza kama nitaona tena.

Ule mti ni mnyaa. Maziwa yake yanachoma ngozi, na yakiingia machoni yanaweza kukupofusha kwa muda. Kukhu alisema kitu kimoja tu: "Hata mbuzi hawaugusi. Wewe ulisomea wapi?"

Hilo swali liliniuma kuliko jicho.

Nilipopona akanipeleka shambani, na somo likaanza. Mpera, akasema, ukiupata umekauka, shukuru Mungu: ni mzito, unawaka polepole na unaacha makaa mazuri. Gome lake ni laini na linabanduka kama karatasi. Lusiola utaijua kwa maua ya njano na maganda marefu yanayoning'inia kama nyoka. Nayo ni kuni nzuri, lakini wengi huiweka kwa ajili ya nguzo, kwa hivyo uliza mwenyewe kwanza. Blugamu vunja jani unuse, ile harufu ya dawa ya mafua ndiyo hiyo. Ina mafuta, inawaka kwa fujo ikikauka, lakini ikiwa mbichi ni moshi na machozi. Avokado inaisha haraka kama bando ya siku moja. Mwembe uogope kidogo, kwa sababu utomvu na moshi wake unawasha ngozi ya watu wengine.

Na kujua kama ni kavu? Gonga vipande viwili. Kavu inalia "ko!", mbichi inasema "du." Angalia pia ncha: kama ina nyufa na gome linatoka lenyewe, beba.

Kisha tukafika kwa murembe, ule wa miiba na maua mekundu. Kukhu akapita bila hata kuokota tawi lililoanguka. Anasema zamani wazee waliapia hapo, na mti wa kiapo haupikiwi ugali. Nikakumbuka Wangari Maathai, aliyepata Nobel mwaka 2004. Kwenye kitabu chake cha maisha, Unbowed, anasimulia vile mamake alimkataza akiwa mdogo kuokota kuni za mugumo, kwa sababu ni mti wa Mungu. Nyeri ni mbali na Bungoma, lakini somo ni lile lile: kujua kuni ni pamoja na kujua ni mti gani unauacha.

Sasa sikieni hii. Mwezi uliopita nilimkuta kukhu anataka kupasua kipande cha nguzo ya zamani ya stima. Kikavu, kizito, bure. Nikaona ile rangi ya kijani kwa mbao, nikamshika mkono. Nilikuwa nimesoma kwamba nguzo nyingi kama hizo hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki zisiliwe na mchwa. Ukichoma, aseniki haiishi. Inaingia kwa moshi, nyingine inabaki kwa jivu, na kukhu hilo jivu huwa anamwagia sukuma.

Akanitazama kwa muda mrefu. "Na hiyo ulisomea wapi?"

"Kwa simu, kukhu."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kile kipande tulikiweka mbali na jikoni, tukaenda kutafuta mpera.

Kampasi sijarudi, na sijui kama nitarudi. Lakini sijifanyi tena najua. Nikiona mti nisioujua, nauliza kwanza.

Wewe je, kwenu ocha unaweza kutaja miti mingapi? Usidanganye. Niandikie mitano hapo chini, halafu ukienda Disemba, uliza kukhu wako ni upi haupikiwi.