Mtoto Mwenye Ualbino na Chuo

Ndugu wazazi, twapenda kusema neno juu ya watoto wenye ualbino. Tangu mwaka 2007 washirikina wanaodai kuwa viungo vyao huleta utajiri walipozidi kuwaua katika mikoa ya Ziwa, hofu ilifika hata kwetu Buha. Watoto wengi wakapelekwa Kabanga, karibu na Kasulu, wakalindwe ndani ya ua wa shule. Ulinzi ule ulikuwa wa lazima. Lakini mtoto aliyetengwa na mama yake miaka na miaka, usalama wake ameulipia ghali.

Basi aliyeko nyumbani aletwe chuoni, na sisi walimu tujue kumsomesha. Macho yake huona mbali kwa shida, mara nyingi hata miwani haimtoshelezi, na mwanga mkali humuumiza. Hapa Manyovu twamketisha mbele, dirisha likiwa nyuma yake, na herufi zake twaziandika kubwa kwa wino mweusi. Akiinama hata pua ikakaribia kitabu, mwacheni! Ndivyo asomavyo. Avae mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana, kwani jua huunguza ngozi yake na laweza kumletea saratani. Jina la “zeruzeru” tumelikataza kabisa.

Na amwonaye kuwa mzigo, na asome Sura Abasa, iliyoteremka kwa ajili ya Abdullah bin Umm Maktum. Yeye alikuwa kipofu, naye akawa mwadhini wa Mtume (s.a.w.).

Asubuhi msindikizeni, njia zetu za milimani zina upweke.