Wiki ya Dhoruba Tatu

Ijumaa ya tarehe 18 Februari 2022 niliamka London nikakuta mambo mawili kwenye simu. La kwanza lilikuwa habari: idara ya hali ya hewa ya Uingereza imetoa tahadhari nyekundu kwa jiji, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Dhoruba waliyoipa jina la Eunice inakuja, na kutoka nje ni kuhatarisha maisha. La pili lilikuwa ujumbe wa dada anayenipangia kazi kwenye kampuni ya uwakala. Usaili wa saa tano uko palepale, vaa nyeusi, beba viatu.

Niliusoma ujumbe huo mara tatu nikitafuta mahali palipoandikwa "ukiweza".

Nilikuwa nimefika Jumanne kwa ajili ya wiki ya mitindo iliyokuwa ikianza Ijumaa hiyo hiyo. Jumatano ilipita Dudley, lakini ilipiga zaidi huko kaskazini, sisi tulisikia madirisha tu yakigonga. Jumapili ingekuja Franklin. Tangu Waingereza waanze kuzipa dhoruba majina mwaka 2015, hazikuwahi kufuatana tatu ndani ya wiki moja. Mimi niliingia humo na koti la kuazima.

Nyumbani watu wanadhani mwanamitindo huanza kulipwa akishapanda ndege. Haiko hivyo. Tiketi, ada ya viza, kitanda, picha za kwenye kitabu changu, vyote kampuni ililipa kwanza, ikaandika. Usaili haulipwi. Unazunguka sehemu saba au nane kwa siku, unapanga foleni, unavua raba, unavaa mchuchumio, unatembea hatua 20 kwenda na 20 kurudi, wanakupiga picha, wanasema asante. Ukibahatika kupata onyesho, malipo yake yanaanza kwa kukata lile deni.

Tulikuwa wasichana wanne kwenye nyumba moja ya Stratford. Mwenzetu wa Brazil alisoma ujumbe wake, akavuta shuka, akasema yeye haendi. Alikuwa na maonyesho mawili yaliyokwisha kuthibitishwa, kwa hiyo aliweza kusema hivyo. Mimi na msichana wa Sudan Kusini hatukuwa na hata moja. Tukavaa nyeusi.

Kutoka Stratford hadi Hackney Wick ni kituo kimoja tu cha treni, lakini treni nyingi zilikuwa zimefutwa, tukaamua kutembea. Upepo wa kwetu pwani unajulikana unakotoka. Ule wa London ulikuwa unapita katikati ya majengo, ukikuacha dakika nzima, halafu unakupiga ubavuni kwenye kona. Mahali fulani bati la uzio wa ujenzi liling'oka likapita mbele yetu likikwaruza lami, likaenda kugonga gari lililoegeshwa. Tulisimama. Kisha tukashikana mikono kama watoto wanaovushwa barabara, tukaendelea. Hakuna aliyesema turudi. Nadhani kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake aseme.

Ukumbi wa usaili ulikuwa ghala la zamani. Tulikuta wasichana wapatao 30 wameketi sakafuni, nywele zimevurugika, macho mekundu kwa vumbi. Kwenye meza ya mbele hapakuwa na mtu. Kijana mmoja, msaidizi, alikuwa ameshika kishikwambi. Akatueleza kwa adabu kwamba mkuu wa usaili ameshindwa kufika kwa sababu ya tahadhari, yuko kwake, atatutazama kwa kamera.

Hakuna aliyecheka. Zamu yangu ilipofika nilitembea kuelekea kishikwambi, nikageuka, nikarudi. Sauti ikasema, "Tena, polepole kidogo." Nikatembea tena. Nyuma ya sauti ile nilisikia birika likianza kuchemka. "Asante," akasema.

Tulikaa kwenye ngazi mpaka saa tisa ilipopita, ndipo tukarudi. Jioni tukapata habari zote. Kwenye kisiwa cha Wight upepo ulikuwa umefika maili 122 kwa saa, kasi ambayo haikuwahi kupimwa England. Paa la ukumbi wa O2 lilikuwa limechanika. Kaskazini mwa London mti ulikuwa umeangukia gari na kuua mtu. Mdogo wangu akanitumia kutoka Tanga video ya ndege zikiyumba zikitafuta kutua Heathrow, na chini yake ameandika: Dada, uko ndani?

Nikamjibu kwamba niko ndani. Wakati ule ilikuwa kweli.

Kazi ile sikuipata. Nilipata nyingine. Jumapili usiku, Franklin ikiwa imeshaanza kuvuma, niliitwa kwenda kujaribu nguo, na safari hii walinitumia gari. Jumatatu nilitembea kwenye onyesho hilo. Sekunde 50 hivi, mwanga machoni, gauni zito la rangi ya ukindu mkavu. Nilitembea vizuri. Nilijua hivyo hata kabla sijafika nyuma ya pazia, na furaha ile siikani.

Jumatano asubuhi ikaja hesabu. Malipo ya onyesho yalikuwa juu kabisa, na chini yake makato yamepangwa mstari kwa mstari. Lile gari la Jumapili nalo lilikuwemo. Mwisho wa karatasi bado nilikuwa nadaiwa.

Nikapiga nyumbani. Mama akaongea, kisha akampa baba simu. Baba alikuwa mvuvi Sahare mpaka magoti yalipomkataa. Watu wa magazeti wakiniuliza habari zake, huwa nawaambia nimelelewa na mtu aliyejua kutazama bahari alfajiri na, akiona haifai, kurudi kulala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mdogo wako ametuonyesha huo upepo. Wewe ulitoka?"

Kwake nilishindwa kusema uongo. "Nilitoka."

Akanyamaza. Nikajiandaa kugombezwa.

"Unadaiwa na nani?" akauliza.

Sikuwa nimemtajia deni lolote. Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kusi moja, mimi nikiwa mdogo, mashine ya boti ilikuwa ya tajiri na haijaisha kulipwa. Alfajiri aliitazama bahari, akaona haifai, na akaenda. Walirudi saa nne usiku bila nyavu, deni likaongezeka kwa bei ya nyavu. "Siku nilizorudi kulala," akasema, "ni siku ambazo sikuwa nadaiwa."

Nikamsomea ile karatasi, mstari kwa mstari, mpaka nauli ya gari. Akauliza jumla. Nikamtajia, naye akanitaka niirudie kwa shilingi.

"Basi safari nyingine," akasema, "karatasi hiyo uione kabla hujapanda ndege."