Pesa Ambayo Hakimu Hakuiona

Kwa miaka sita niliishi kwa pesa ambayo watu waliamini inakwenda kwa hakimu. Haikufika. Iliishia mfukoni mwangu.

Kituo changu kilikuwa Makambako, kwenye migahawa iliyo karibu na njia panda, pale mabasi ya Songea yanapoachana na ya Mbeya. Mtu mwenye kesi hajifichi: ameshika bahasha ya kaki, anatazama saa kila mara, chai yake inapoa mezani. Namsalimia, "Kamwene," namuuliza katokea wapi, na kabla hajamaliza chapati nimeshamwambia kwamba hakimu wake ni mtu wangu. Sikuwahi kuzungumza na hakimu yeyote zaidi ya shikamoo. Nilichukua kwa mdai, nikachukua na kwa mdaiwa. Aliyeshinda alinishukuru. Aliyeshindwa nilimrudishia sehemu ya pesa yake, nikamwambia mwenzake kapanda dau. Na huyo wa kurudishiwa ndiye aliyenitangaza zaidi kwamba mimi ni mwaminifu.

Mahakama yenyewe siitaji, maana haikuwa na kosa katika haya.

Mtaji wa kazi ile ulikuwa ni jambo ambalo watu walikuwa wameshaliamini kabla yangu. Sisemi mahakimu wote ni wasafi. Tume ya Jaji Warioba kuhusu rushwa ilipotoa ripoti yake mwaka 1996 iliitaja mahakama wazi miongoni mwa mahali ambapo mwananchi mdogo anakamuliwa. Isitoshe, watu wa vijijini wamezoea kuona mkuu wa wilaya akiamuru mtu awekwe ndani saa 48, kama sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inavyomruhusu, kisha mtu huyo anatoka bila hata kufikishwa mbele ya hakimu. Mkulima akiona hivyo anajua nani mkubwa. Kwa hiyo nilipomnong'oneza mteja kwamba kuna simu itapigwa kutoka juu, hakuhitaji ushahidi. Hadi leo naona si sawa kwamba sheria ya mwaka 2011 ya uendeshaji wa mahakama iliweka kamati ya maadili ya mahakimu ya wilaya chini ya uenyekiti wa mkuu wa wilaya. Hata kama mkuu huyo hamgusi hakimu, mwenye kesi hawezi kulijua hilo.

Mwaka 2014 alikuja mama mmoja mjane. Shemeji yake alikuwa ameomba usimamizi wa mirathi ya marehemu akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho mama hakuitwa. Aliuza magunia matatu ya viazi akaniletea shilingi 150,000, noti zimefungwa kwenye pindo la kanga. Akaniuliza, "Mwanangu, nije na wale majirani? Siku ile walikuwepo, wanajua sikuitwa." Nikamjibu, mashahidi wa nini mama, pesa itasema. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa majirani. Mmoja mwenye akili angemwambia asinipe hata senti.

Akashindwa. Nilimrudishia 80,000. Akanibariki.

Julai ya 2016, ule msimu ambao ukungu wa Njombe hauondoki hadi saa nne asubuhi, alinikuta stendi. Binti yake alikuwa amemchukulia nakala ya hukumu, nayo ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Akanipa. "Wewe unawajua hawa watu. Nisomee, nisikie hakimu alinunuliwa kwa maneno gani."

Ilikuwa kurasa nne, kwa Kiswahili, maana mahakama za mwanzo huandika kwa Kiswahili. Nilisoma kwa sauti. Ukurasa wa tatu hakimu alikuwa ameandika kwamba mpingaji, yaani mama huyu, alidai wapo majirani wanaojua hakuitwa kikaoni. Mahakama ikamuuliza mara mbili kama atawaleta, na mara zote mbili akajibu hana shahidi. Hakimu na washauri wake wawili walikuwa wamekubaliana: pingamizi halina cha kuegemea.

Sauti ilinikatika. Mama akasema, "Endelea." Nikarudia ile sehemu. Halafu nikamweleza yote, nimesimama, watu wa mabasi wakipita.

Hakupiga kelele. Aliikunja ile karatasi, akaufunga mfuko fundo, akasema: "Kumbe alikuwa ananingoja."

Neno hilo ndilo lililoniondoa kwenye kazi ile. Hakimu ambaye mimi nilimuuza kila siku mezani alikuwa amekaa mbele ya mama huyu, anamngojea aseme tu jina la jirani mmoja.

Siku 30 za kukata rufaa zilikuwa zimepita zamani. Lakini msimamizi wa mirathi katika mahakama ya mwanzo hutakiwa kupeleka orodha ya mali ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, na shemeji hakuwa amepeleka kitu. Tukaandika maombi ya kumwondoa. Tulilipa ada tukapewa risiti, na haikutoka pesa nyingine. Safari hii majirani walikuja, wawili. Hakimu, ambaye hakuwa yule wa kwanza, alimuuliza shemeji swali moja: orodha ya mali iko wapi? Shemeji akatazama dari. Usimamizi wake ukatenguliwa, akateuliwa binti.

Nilikaa benchi la nyuma siku hiyo. Ibara ya 107B ya Katiba yetu inasema mahakama zitakuwa huru na zitafuata Katiba na sheria tu. Nilikuwa nimezoea kudhani anayeuvunja uhuru huo ni mkubwa mwenye simu. Nami nilikuwa nauvunja kila siku nikiwa na kikombe cha chai mkononi, kwa kumfundisha mwananchi kwamba hukumu haina sababu, ina bei. Mtu akishaamini hivyo haleti shahidi, hasomi hukumu, hakati rufaa. Anakwenda kutafuta mtu kama mimi.

Nimewarudishia pesa watu 11 niliowakumbuka. Wengine siwakumbuki hata majina, na jambo hilo linaniamsha usiku.

Ndugu msomaji, kama una kesi na kuna mtu amekuambia anamfahamu hakimu, pesa hiyo itumie kama nauli ya mashahidi wako. Na kama umeshindwa mahakama ya mwanzo, usimuulize mtu wa mgahawani kwa nini. Omba nakala ya hukumu wiki hii hii, uisome au usomewe na mtoto wako wa shule. Siku zako ni 30.