Deni la Manoleo Manne

Noleo ni ile pete ya shaba au chuma inayokaba mpini wa patasi pale msuka unapoingia kwenye mti. Ukilitazama juujuu utadhani ni pambo. Kumbe msuka ni kabari: kila ukigonga patasi unaisukuma kabari hiyo ndani ya mpini, na mti unatafuta pa kupasukia. Noleo ndilo linaloukatalia. Likishapasuka lenyewe, mpini haumalizi wiki.

Mimi ni mchonga milango, Lamu. Patasi zangu 11 nimezirithi kwa baba, aliyezinunua Mombasa zikitoka Sheffield, Uingereza, kila moja na noleo lake la shaba ya manjano. Alichongea miimo na vizingiti maisha yake yote, wala sikumbuki kumwona akibadilisha noleo hata moja. Jioni alizipandisha nyumbani, akazilaza ndani ya kasha. Nilimwona mtu wa kujisumbua bure. Mwaka 2015 nilipopata chumba kikubwa cha chini, nikazihamishia huko moja kwa moja, nikazipanga kwenye kipande cha ubao nilichokitoboa matundu na kukipigilia kwenye kiambaza.

Mwaka huohuo nilichukua mwanagenzi, kijana wa miaka 17, mpole, mwenye mkono mwepesi. Nikanunua na punda wa kubeba mbao kutoka gatini, maana vichochoro vyetu havipitishi gari. Punda alilala nyuma ya kiambaza hicho. Kijana ndiye aliyemfagilia.

Noleo la kwanza lilipasuka masika yalipoingia. Ufa mwembamba kama unywele, umenyooka toka ukingo mmoja wa pete hadi wa pili. Nikamwita kijana.

“Umegonga kwa nyundo ya chuma nilipokwenda kuswali.”

“Wallahi, Fundi, sikugonga ila kwa ile ya mti.”

Sikumwamini. Hoja yangu niliiona ya chuma: baba alizitumia miaka na miaka zikiwa nzima, mimi nimezitumia nikiwa peke yangu zikiwa nzima, sasa zinapasuka. Kipya humu ndani ni nini? Nikamtazama yeye. Nilimkata shilingi 600 katika posho yake. La pili, 600. La tatu, 600. La nne lilipasuka mbele ya mteja aliyekuja kulipia mlango, nami nikamgombeza kijana wa watu kwa sauti iliyosikika hadi barazani kwa jirani. Jumla 2,400, alizolipa kidogokidogo bila kunung'unika. Wiki iliyofuata hakuja. Alikuwa ameikunja aproni yake vizuri na kuiacha juu ya randa.

Manoleo yale manne niliyafunga waya, nikaendelea na kazi.

Miezi mitatu baadaye likapasuka la tano. Lilikuwa la bobari nyembamba ninayoitumia kwa majani madogo ya urembo tu, na tangu kijana aondoke sikuwa na kazi ya namna hiyo. Haikuguswa. Ilikuwa tunduni mwake, imepakwa mafuta, na noleo limefunguka. Mshukiwa wangu hakuwepo mjini.

Nikavaa miwani nikakaa na bobari hiyo mlangoni penye mwanga. Mpini uliogongwa kwa chuma huota ndevu kichwani, nyuzi za mti zikakunjukia nje. Wangu ulikuwa laini. Msuka uliosukumwa kwa nguvu kupita kiasi huitanua pete mdomoni, ukipitisha kidole unauona umepanuka. Mdomo ulikuwa mviringo kamili. Nikazitoa na zile nne nilizofunga waya, nikafungua waya: hali ileile. Alama hizo nilifundishwa nikiwa mdogo kuliko yule kijana. Sikuziangalia kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumlaumu tayari.

Shemeji yangu ni fundi wa vyuma Mombasa, na huja kwetu kila Maulidi. Safari hiyo nilimpeleka karakanani nimwonyeshe. Kabla hajaishika bobari alisimama akakunja pua.

“Shemeji, humu analala mnyama?”

“Punda, nyuma hapo.”

“Basi huyo ndiye mvunjaji wako.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniketisha juu ya mbao. Shaba ya manjano, alisema, ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Kiwandani pete huvutwa na kukunjwa ikiwa baridi, na mvuto ule hubaki umefungwa ndani ya chuma miaka nenda rudi, kama upinde usiofyatuliwa. Ile harufu kali ya mkojo wa punda ni amonia. Amonia ikikutana na unyevu juu ya shaba ya namna hiyo, hupenya kati ya chembe za chuma, na mvuto uliofungwa humalizia kazi. Pete inafunguka yenyewe usiku, hakuna aliyeigonga. Akanipa na kisa cha jeshi la Waingereza kule India: waliweka risasi kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua, na maganda ya shaba yakawa yanapasuka yakiwa yamewekwa tu. Ilifika 1921 ndipo watafiti walipoeleza wazi kuwa sababu ni amonia. Dawa yake, alisema, ni kuipasha pete moto wa kiasi cha digrii 300 ili mvuto uachie. “Au uhame zizini.”

Mwaka 2015 mlangoni kwangu viliingia vipya viwili, nami nilikihesabu kimoja.

Usiku ule nilikumbuka jambo ambalo ningependa nisilikumbuke. Kijana aliwahi kuniambia, “Fundi, kule nyuma kunanichoma macho.” Nikamjibu kwamba fundi hachagui harufu. Macho yake yaliijua amonia mwaka mzima kabla yangu, na mimi nilimwona mvivu wa ufagio.

Patasi nikazipandisha nyumbani, kasha lilelile. Punda nikamtafutia ua wa wazi. Kisha nikakaa wiki mbili nikijipa sababu za kutokwenda Malindi, ambako nilisikia kijana anatengeneza samani: mara gharama ya basi, mara ukubwa wangu. Nitaonekanaje? Mke wangu alichoka kunisikiliza, akaniwekea nauli juu ya sinia.

Nilimkuta akiranda ubao wa kitanda. Amepanda, amejaa kifuani. Alinisalimu kwa heshima yote, na heshima ile iliniuma kuliko kama ningetukanwa. Nikamkabidhi bahasha ya 2,400 na ile bobari.

“Mwanangu, nilikudhulumu. Hukuvunja wewe.”

Akapitisha ukucha kwenye ufa. “Nani, basi?”

“Punda.”

Nikamweleza yote niliyoelezwa, kwa kigugumizi. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

“Siku hizi nani anamfagilia?”

“Mimi mwenyewe.”

Akatia bahasha mfukoni bila kuihesabu. Akaniambia nimwachie mipini yote mitano, maana nilikuwa nimeibeba mfukoni kama mtu anayempelekea daktari maiti. Jirani yake ni fundi baiskeli. Alikwenda kwake, akarudi na mrija wa nyuma wa fremu kuukuu, wa chuma, usiojali amonia. Akaukata mapingili matano kwa msumeno wa chuma, akayalainisha kingo kwa tupa, akayachonga mabega ya mipini kidogokidogo mpaka pete ikabakiza kidogo tu kuingia kwa mkono. Hapo ndipo alipoigonga, kwa nyundo ya mti, akinitazama. Akaitikisa kila moja sikioni kusikia kama inacheza.

Nikamuuliza bei.

“Mia sita moja, Fundi.”

Nikahesabu 3,000 nikampa.