Baba, Mwana na Baisikeli

Sinema ya Netflix ya mwaka 2019, The Boy Who Harnessed the Wind, yasimulia habari za William Kamkwamba wa Malawi, aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Aomba baisikeli ya baba yake atengeneze mtambo wa upepo. Baba akataa kwa hasira. Katika sinema mtambo wavuta maji mara moja. Kwa kweli ule wa kwanza uliwasha taa, maji yakaja baadaye. Lakini hofu ya yule baba naijua. Nami nina baisikeli moja tu, inipelekayo vigangoni. Je, mwanangu akitaka kuikatakata, nitampa? Wazazi wenzangu, tuwasikilize kwanza, ndipo tujibu.